Galio, Ndugu Yake Seneca, na Mtu Aliyepigwa Mbele ya Kiti cha Hukumu

1. Utangulizi

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 18, aya ya 12 hadi ya 17, chatuletea mtu aitwaye Galio, liwali wa Akaya. Aingia katika habari kwa aya sita tu, atamka neno lake la hukumu, kisha hatajwi tena popote katika Agano Jipya. Hata hivyo aya hizo sita zimetosha kumfanya mithali mimbarani. Wahubiri wengine humtaja kuwa mfano wa mtu asiyejali mambo ya Mungu: mtume alisimama mbele yake, naye hakumpa hata nafasi ya kusema neno. Wengine humtaja kuwa mfano wa mtawala mwema: alikataa kuamua mambo ya dini, na kwa kukataa huko akalilinda Kanisa changa. Mahubiri ya namna zote mbili tumeyasikia, na hatuna budi kukiri kwamba ya namna zote mbili tumeyahubiri.

Katika makala hii twakusudia kuyapima mahubiri hayo kwa njia isiyotumika sana kwetu, yaani kumrudisha Galio katikati ya jamaa yake. Ni wachache katika watu wa Matendo ambao habari zao zimeandikwa na watu wengi hivi nje ya Biblia. Baba yake alikuwa mwandishi; mdogo wake alikuwa mwandishi; Kaisari alimtaja katika barua; wanahistoria Tacitus na Dio waliandika habari za siku zake za mwisho. Kila mmoja alichora picha yake. Tukiziweka picha hizo karibu na ile ya Luka, twaona jambo ambalo mahubiri yetu ya namna zote mbili yamelipita: katika habari hii mtu mmoja alipigwa hadharani, na uzito wa habari umelala juu ya mtu huyo.

2. Nyumba ya akina Annaeus

Galio hakuzaliwa na jina hilo. Aliitwa Lucius Annaeus Novatus, mzaliwa wa kwanza wa ndugu watatu, huko Corduba, mji wa Hispania ya kusini, miaka michache kabla ya mwanzo wa hesabu yetu ya miaka. Baba yake, ambaye vitabu humwita Seneca Mzee ili kumtofautisha na mwanawe, alikuwa mtu wa daraja la wapanda farasi na mpenzi mkubwa wa ufasaha wa kusema. Mama yake aliitwa Helvia. Ndugu wa pili ndiye Lucius Annaeus Seneca, mwanafalsafa wa Wastoiko. Wa tatu ni Annaeus Mela, ambaye mwanawe Lucanus, aliyezaliwa mwaka 39 B.K., alipata kuwa mshairi mashuhuri.

Katika uzee wake baba huyo aliwaandikia wanawe watatu kitabu juu ya wasemaji aliowasikia maishani mwake. Katika dibaji mojawapo amgeukia Mela, asema kwamba ana akili kuwapita ndugu zake, na amruhusu kuridhika na daraja la baba yake, wakati hao wawili wakijiandaa kwa siasa na vyeo. Juu ya njia hiyo ya vyeo mzee aongeza onyo: hata yale ambayo mtu huyatarajia huko ni ya kuogopwa. Mambo yaliyoipata nyumba yake miaka mingi baadaye yalionyesha kwamba mzee hakukosea.

Hapa tayari mhakiki anapata funzo. Juu ya uamuzi uo huo wa Mela tunazo picha tatu. Baba aliuona kuwa kiasi. Seneca, alipomwandikia mama yao barua ya faraja, alisema kwamba mmoja wa ndugu zake alipata heshima kwa bidii, na mwingine alizidharau kwa hekima. Lakini Tacitus, aliyeandika miaka hamsini hivi baada ya kifo cha Mela, auita uamuzi huo tamaa iliyopindika: Mela alitaka kuwa na nguvu sawa na wakuu bila kuacha daraja lake, naye aliona kwamba kusimamia mali za Kaisari ni njia fupi ya kuupata utajiri. Tendo ni moja, picha ni tatu. Msomaji aliyeonywa hivyo kuhusu Mela hana budi kuwa mwangalifu kuhusu Galio pia.

Novatus alipata jina la Galio kwa kufanywa mwana kisheria na rafiki wa baba yake, msemaji Junius Gallio. Huyu naye alikuwa ameonja uchungu wa siasa. Mwaka 32 B.K. alitoa pendekezo katika Seneti kwamba askari walinzi wa Kaisari, wakimaliza utumishi wao, wapewe haki ya kukaa katika safu kumi na nne za ukumbi wa michezo zilizotengwa kwa ajili ya wapanda farasi. Labda alidhani pendekezo hilo litampendeza Kaisari Tiberio. Badala yake Tiberio alimkemea vikali, akiuliza yeye ana shughuli gani na askari. Mara akafukuzwa katika Seneti, kisha katika Italia. Alipochagua kisiwa cha Lesbos, ikaonekana kwamba ni mahali pazuri mno kwa mtu aliyefukuzwa, akarudishwa Rumi kuwekwa chini ya ulinzi katika nyumba za mahakimu. Huyo ndiye baba ambaye liwali wetu alibeba jina lake. Katika nyumba hiyo watu walijua gharama ya neno moja lisilotakiwa.

Mwaka 41 pigo likamfikia Seneca. Kaisari Klaudio alimhamisha mpaka kisiwa cha Corsica kwa shtaka la uzinzi na Julia Livilla, mtoto wa ndugu yake Kaisari. Huko ndiko alikoandika ile barua ya faraja kwa Helvia. Ndani yake twakutana na Novatilla, ambaye jina lake lamwonyesha kuwa binti wa Novatus. Mama yake alikuwa amekufa karibuni, na Seneca amsihi Helvia amlee na kumtengeneza tabia. Basi ni nyumba yenye upendo wa kweli, na yenye hofu pia. Mwaka 49 Agrippina, mke mpya wa Klaudio, alimrudisha Seneca ili amfundishe mwanawe Nero. Miaka miwili hivi baadaye kaka yake aliketi katika kiti cha hukumu Korintho.

3. Rafiki wa Kaisari

Kwamba Galio alikuwa Korintho wakati huo twajua kwa jiwe lililovunjika. Huko Delphi, penye hekalu la Apolo, wachimbuzi Wafaransa walikuta vipande vya maandiko yaliyochongwa, vyenye barua ya Klaudio. Vipande vinne vya kwanza vilitangazwa mwaka 1905, na vingine viliongezwa baadaye hata vikawa tisa. Barua yahesabiwa katika kushangiliwa kwa Kaisari mara ya 26, na jambo hilo laiweka kabla ya tarehe 1 Agosti mwaka 52. Hilo ndilo jiwe la msingi la hesabu ya miaka ya Paulo; kila mwanafunzi wa Agano Jipya amelikariri kwa ajili ya mtihani.

Lakini twakariri tarehe na kusahau yaliyomo. Klaudio asema amesikia kwamba Delphi umepungukiwa na raia, na kwamba habari hiyo ameletewa na Junius Gallio, rafiki yake na mtawala wa Akaya. Kwa hiyo aagiza watu wema wa miji mingine waalikwe kuhamia huko na kupewa haki za wenyeji. Basi tunaye mtawala aliyeangalia hali ya mji mdogo uliofifia, akaandika taarifa, na taarifa yake ikafanyiwa kazi. Mtu huyo hakuwa mvivu wala mzembe. Anayetaka kumfanya Galio kuwa mtu asiyejali kitu kwa tabia yake, jiwe la Delphi lampinga.

Juu ya cheo chake twaongeza neno. Watafsiri wa Biblia yetu walichagua neno liwali, ambalo pwani yetu ilikuwa nalo tangu zamani kwa mkuu wa mji aliyewekwa na Sultani wa Zanzibar, na ambalo Wajerumani na Waingereza waliendelea kulitumia. Neno hilo lafaa, kwa kuwa liwali wa pwani naye alikuwa mtawala na mwamuzi kwa pamoja. Ila tofauti moja yapasa kukumbukwa. Neno la Kiyunani, anthypatos, lamtaja mtawala wa jimbo la Seneti, aliyepewa jimbo kwa kura na kwa kawaida kulitawala mwaka mmoja. Akaya ilichukuliwa na Tiberio mwaka 15, ikarudishwa kwa Seneti na Klaudio mwaka 44. Kwa hiyo Luka yu sahihi kabisa katika cheo alichokitaja. Mtu wa mwaka mmoja aja akijua kwamba ataondoka. Tena Galio hakukaa vizuri huko. Seneca, katika barua ya 104 kwa Lucilius, akumbuka kwamba kaka yake alipoanza kupata homa Akaya alipanda merikebu mara moja, akisema kwamba ugonjwa huo ulikuwa wa mahali pale wala si wa mwili wake.

4. Picha ya Luka

Sasa tuisome picha ya Luka kama wasomavyo wahakiki, tukiangalia mpango wake.

Wayahudi wa Korintho wamleta Paulo mbele ya kiti cha hukumu na kumshtaki kwamba awavuta watu wamwabudu Mungu kinyume cha sheria. Paulo yu tayari kusema, Galio amtangulia. Neno lake lina sehemu mbili. Kwanza aweka kanuni: kama lingekuwa jambo la dhuluma au uovu, ingekuwa haki awasikilize. Pili aitumia kanuni hiyo: kwa kuwa ni mabishano juu ya maneno na majina na sheria yao, waliangalie wenyewe, yeye hataki kuwa mwamuzi wa mambo hayo. Kisha awafukuza.

Mpaka hapa hatuna la kumlaumu. Sisi wa mapokeo ya Kilutheri tuna sababu ya kumshukuru. Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, alifundisha kwamba mamlaka hiyo yafika katika mwili na mali wala haifiki rohoni. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 28, lazitenga kazi za mamlaka hizi mbili ili zisichanganywe. Mtawala anayesema kwamba hana madaraka ya kuamua mambo ya imani amesema kweli, hata kama hajui ukubwa wa kweli aliyoisema.

Lakini Luka hakuikomesha habari hapo, na hapo ndipo wengi wetu tunapoikomesha. Aya ya 17 yasimulia kwamba wote wakamshika Sosthene, mkuu wa sinagogi, wakampiga mbele ya kiti cha hukumu. Maneno hayo ya mwisho, mbele ya kiti cha hukumu, Luka angeweza kuyaacha. Ameyaweka. Kanuni aliyoitamka Galio dakika chache kabla yasimama sasa mbele ya macho yake: hapa hapana neno wala jina wala sheria ya Kiyahudi. Hapa pana dhuluma. Mwili wa mtu unapigwa mahali penyewe ambapo Dola ya Rumi imeweka kiti chake ili miili ya watu isipigwe ovyo. Kwa kipimo cha Galio mwenyewe, ilikuwa haki awasikilize. Naye, asema Luka, hakulijali hata moja katika hayo.

Kitenzi alichokitumia Luka hapo, melei, wasomaji wa Agano Jipya la Kiyunani wanakijua. Ndicho kitenzi cha Yohana 10:13, juu ya mtu wa mshahara ambaye mambo ya kondoo si kitu kwake. Ndicho cha wanafunzi katika dhoruba, Marko 4:38, walipomwuliza Bwana kama si kitu kwake kuangamia kwao. Ndicho cha 1 Petro 5:7, juu ya Mungu ambaye hujishughulisha kwa mambo yetu. Katika sehemu hizo zote jambo lisemwalo ni maisha ya viumbe walio hatarini. Kwa hiyo wahubiri wanaosema kwamba Galio hakuijali Injili wamelihamisha neno kutoka mahali pake. Neno lililo karibu nalo ni kipigo cha Sosthene.

Ni akina nani waliompiga? Nakala nyingi za Kiyunani zasema Wayunani wote; nakala zilizo bora zaidi zasema wote tu, bila kuwataja; na chache zasema Wayahudi wote. Mhubiri anayejenga hotuba nzima juu ya Wayahudi waliopigana wenyewe kwa wenyewe, au juu ya Wayunani waliowaadhibu maadui wa Paulo, amejenga juu ya nyongeza za wanakili. Luka alitosheka kusema wote. Kuna pia ushahidi wa kale kwamba aya hii iliwasumbua wasomaji. Maandiko ya Kilatini katika nakala iitwayo Bezae yasema kwamba Galio alijifanya kwamba hamwoni. Hayo si maneno ya Luka, lakini aliyeyaandika alielewa vizuri kwamba mtu aliyeketi juu ya kiti kile hakuweza kukosa kuona.

5. Picha ya ndugu

Tuigeukie sasa picha aliyoichora Seneca. Katika dibaji ya kitabu cha nne cha Maswali ya Maumbile amsifu kaka yake kwa sifa ambazo ni shida kupata zaidi yake. Asema kwamba hapana mtu apendezaye kwa mmoja kama Galio apendezavyo kwa wote, na kwamba hata sifa za uongo hazikupata njia ya kumwingia. Yamkini upendo wa ndugu umezidisha. Lakini sifa hiyo haikuwa ya Seneca peke yake. Hata baada ya vifo vyao mshairi Statius alimkumbuka Galio kwa neno hilo hilo la utamu wa tabia.

Basi mtu aliyemwacha Sosthene apigwe hakuwa mkatili. Alikuwa mpole, mcheshi, mpendwa wa watu. Hili latupasa tulitafakari sana, kwa maana katika Kanisa twazoea kuwapima watumishi kwa upole wao, tukidhani kwamba mtu mpole hawezi kushiriki dhuluma. Aweza. Kupendeza kwa wote wakati mwingine ndiyo sababu ya kutokumkemea yeyote.

Seneca alimwandikia kaka yake vitabu viwili tulivyo navyo: Juu ya Hasira, chenye sehemu tatu, alipokuwa bado akimwita Novatus, na Juu ya Maisha ya Heri, alipokwisha kuitwa Gallio. Cha kwanza chahusu jambo letu moja kwa moja, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni juu ya waamuzi. Chasimulia habari za Gnaeus Piso, aliyemhukumu askari afe kwa kuwa alirudi bila mwenzake, ikidhaniwa kwamba amemwua. Mwenzake akatokea mzima wakati wa hukumu kutekelezwa; akida akasimamisha upanga na kuwarudisha wote wawili kwa furaha. Piso kwa hasira akaamuru wauawe watatu: wa kwanza kwa kuwa alikwisha kuhukumiwa, wa pili kwa kuwa alisababisha mwenzake ahukumiwe, na akida kwa kuwa hakutii. Mwamuzi asiwe kama huyo, asema Seneca. Aadhibu bila hasira.

Galio alilishika funzo hilo. Katika Matendo 18 hatuoni hasira ya Piso. Lakini kitabu hicho hicho chauliza swali la pili: je, mtu mwema asikasirike hata akiona baba yake anauawa? Jibu la Seneca ni kwamba hatakasirika, ila atamtetea. Atautimiza wajibu wake pasipo kutikisika. Yaani kutokuwa na hasira si kutotenda. Kuituliza nafsi ni kazi ya kwanza. Kumwokoa anayepigwa ni kazi ya pili, na ya kwanza ipo kwa ajili ya ya pili. Kwa hiyo hatumhukumu Galio kwa kipimo cha Kikristo asichokijua. Ndugu yake alikuwa amekwisha kumwandikia. Alilishika nusu ya kwanza ya funzo, akaiacha ya pili.

Haitupasi kunyamaza pia juu ya upungufu wa mwandishi mwenyewe. Agostino, katika kitabu cha sita cha Mji wa Mungu, ahifadhi maneno ya Seneca ya kuwadharau Wayahudi na kuicheka Sabato yao. Hatuna haki ya kumvisha kaka maneno ya mdogo wake. Lakini twajua hewa iliyovutwa katika nyumba za wakuu wa Rumi siku zile Klaudio alipowatoa Wayahudi mjini, akina Akila na Priskila wakiwamo. Katika hewa hiyo, kipigo cha mkuu wa sinagogi kiliweza kuonekana kuwa si kitu. Wala Kanisa lisijidhanie kuwa nje ya hewa hiyo. Kila mara tunapoisimulia aya ya 17 kwa kicheko, twaivuta.

6. Galio mwenyewe mbele ya wote

Baada ya Akaya Galio aliendelea kupanda. Katikati ya miaka ya 50 alipata ukonsuli. Plinius Mzee ataja safari yake ya baharini kwa ajili ya afya baada ya cheo hicho. Dio asimulia kwamba Klaudio alipokufa mwaka 54 na kutangazwa kuwa mungu, Galio alitania kwamba Kaisari alivutwa mbinguni kwa kulabu, kama wanyongaji walivyozivuta maiti za waliouawa gerezani. Klaudio alikuwa amemwita rafiki. Na mwaka 59 Nero alipopanda jukwaani kuimba, asema Dio, aliyemtangaza kwa watu ni Galio. Mtu wa kupendeza wote alikuwa amefika mahali ambapo upole wake ulitumika kumpamba mwovu.

Mwaka 65 njama ya Piso mwingine dhidi ya Nero iligunduliwa. Seneca aliamriwa afe. Lucanus, kijana wa miaka 25, aliamriwa afe. Tacitus asimulia kwamba kabla ya hapo, akiahidiwa kusamehewa, alimtaja mama yake mwenyewe kuwa mshiriki wa njama. Mwaka uliofuata Mela naye alikata mishipa yake, baada ya kushtakiwa kwa barua ya kughushi, huku Nero akiutamani utajiri wake. Hivyo ndivyo onyo la mzee wa Corduba lilivyotimia.

Katikati ya vifo hivyo Tacitus, katika kitabu cha 15 cha Historia yake ya Mwaka kwa Mwaka, atuonyesha Galio mara moja tu. Yumo katika Seneti, amejaa hofu kwa kifo cha ndugu yake, ajiombea uhai. Mtu mmoja, Salienus Clemens, asimama na kumshambulia, amwita adui na mwuaji wa taifa lake. Ndipo Seneti yote kwa sauti moja ikamzuia Clemens, isije ikaonekana kwamba autumia msiba wa watu wote kwa chuki yake binafsi, na kuyafufua mambo ambayo upole wa mfalme ulikwisha kuyazika.

Aliyesoma Matendo 18 hawezi kuipita sehemu hii bila kusimama. Hapa pia pana mtu mmoja peke yake katikati ya watu. Hapa pia ni mahali pa haki, mbele ya wenye mamlaka. Wakati huu anayeshikwa ni Galio. Na wakati huu wote wanasema. Sababu waliyoitoa si ya kishujaa. Ina harufu ya kumbembeleza Nero. Wengi wao yamkini walijiogopea wenyewe. Hata hivyo walifungua vinywa, na siku ile Galio alitoka akiwa hai. Alitendewa katika Seneti kile ambacho yeye hakumtendea Sosthene Korintho, naye alikitendewa na watu wasio bora kuliko yeye. Uhai huo haukudumu. Dio aandika kwamba ndugu za Seneca nao waliangamia baada yake, na Hieronimo katika Tarehe zake asema kwamba Galio alijiua kwa mkono wake.

Tacitus hakujua habari za Sosthene, wala Luka hasemi neno juu ya siku ile ya Seneti. Ulinganifu huu haukupangwa na mwandishi yeyote. Ni sisi wasomaji tunaouona, na kwa hiyo ni sisi tunaodaiwa.

7. Hitimisho

Tumesema kwamba mahubiri ya namna zote mbili yana upungufu. Galio hakukosa kwa kukataa kuwa mwamuzi wa imani. Hapo alikuwa sahihi, na Kanisa linalomtaka mtawala awe mwamuzi wa mafundisho lafanya kosa ambalo yeye aliliepuka. Wala Galio hakuwa mtawala mwema kwa ukamilifu, kwa sababu aliiacha kazi yake pale hasa ilipoanzia. Mafundisho ya mamlaka mbili yamwambia mtawala asiiguse roho. Yamwambia pia kwamba mwili uliopigwa ni wake kuulinda. Tukifundisha sehemu ya kwanza bila ya pili, tumemfundisha mtawala kunawa mikono.

Neno la mwisho ni letu sisi wenyewe. Hukumu ya Galio ilimpendelea Paulo. Paulo alitoka mzima, akakaa Korintho siku nyingi, kisha akasafiri kwa amani. Lakini siku ile ile, mbele ya kiti kile kile, mtu mwingine alivuja damu. Kanisa likipata nafuu kutoka kwa wenye mamlaka, kibali, au kesi iliyotupwa, au adui aliyefukuzwa, lina haki ya kumshukuru Mungu. Halina haki ya kuondoka bila kutazama nyuma ni nani anayepigwa. Luther, katika maelezo yake ya Amri ya Tano ndani ya Katekisimo Kubwa, hamwachi huru aliyeweza kumwokoa jirani yake asimwokoe. Amhesabu kuwa mwuaji.

Katika salamu za Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho Paulo ajitaja pamoja na Sosthene, ndugu. Luka hatuambii kwamba ndiye yule mkuu wa sinagogi, na jina hilo halikuwa la mtu mmoja tu. Lakini Wakorintho waliposomewa salamu hizo hawakuweza kulisikia jina hilo bila kukumbuka ile siku uwanjani. Mtume aliliweka kando ya jina lake mwenyewe na kuliita ndugu. Mhubiri atakayeichukua Matendo 18 Jumapili ijayo aanze na jina hilo, kabla hajafika kwa Galio.